Kichwa Kaskazini

Mume wangu huwaambia watu kwamba kaoa mcha Mungu. Ushahidi wake ni huu: kila tukiingia chumba kigeni, kiwe cha hoteli au cha nyumba ya jamaa, kabla sijavua koti wala kuuliza choo kiko wapi, natoa simu, nafungua dira, na kuzunguka nayo katikati ya chumba. Yeye hudhani natafuta kibla. Humnong'oneza mwenyeji, "Mwache, anataka kujua pa kusalia." Miaka kumi na minne ya ndoa, sijamsahihisha. Ukweli ni kwamba kibla hukitafuta wakati wa sala ukifika, kama watu wengine. Ninachokitafuta kwanza ni kaskazini, nijue kichwa cha kitanda kimeelekea wapi. Kikiwa kimeelekea huko, basi hatulali mpaka kitanda kigeuzwe au mito ihamie miguuni.

Mwaka huu nimetimiza umri aliokufa nao Baba. Wenzangu wa rika langu mliofiwa mapema mnajua jambo hili linavyomtafuna mtu. Unapanda ngazi za stesheni ya Ilford, moyo unadunda kidogo kuliko jana, unajiuliza kama na yeye ulimwanza hivi hivi. Nimeona bora niyaseme sasa, kabla sijawa mkubwa kuliko baba yangu mwenyewe.

Tulikuwa watatu katika nyumba yetu: Baba, Mama na mimi. Baba alikuwa dereva wa basi, Mpemba wa Wete, mfupi, mcheshi, mwenye kutania mpaka abiria asiyemjua. Mama alishona mapazia nyumbani. Watoto wengine aliozaa hawakukaa, nikabaki mimi, na kama watoto wa pekee wote nilidhani jua linachomoza kwa kuwa nimeamka. Kiswahili nilikisikia chote, ila nilikijibu kwa Kiingereza. Mama akisema, "Njoo ule," mimi hujibu, "Coming." Akisema, "Njoo sasa hivi," hujibu, "In a minute." Baba alikuwa akisema nyumba hii ina redio mbili, na kila moja imefunguliwa stesheni yake.

Kaka yake Mama, Mjomba Salum, aliishi Japani. Kazi yake ilikuwa kununua magari yaliyokwishatumika na kuyapakia melini kwenda Dar es Salaam na Unguja, na huko huko akaoa Mjapani, Bi Michiko, ambaye kwa desturi yetu tulimwita mkaza mjomba. Walikuwa na binti, Aya, aliyenizidi miaka miwili. Hatukuwahi kuonana nao. Kisha msimu mmoja wa baridi, bila ya sababu niliyoelezwa, Baba akaja na habari kwamba tunakwenda kuwatembelea, na kwamba Mjomba atatupeleka milimani kwenye theluji.

"Hii ya London theluji ya kuazima," alisema. "Asubuhi ipo, mchana wenyewe washaichukua. Twendeni tukaone ya watu wenye mali yao."

Mama hakucheka. Nilidhani anaogopa ndege.

Nilikuwa na miaka tisa. Safari yenyewe nimeisahau, nakumbuka tu gari ya Mjomba, sisi sita ndani yake, na minyororo iliyofungwa kwenye magurudumu ikikwaruza lami saa baada ya saa. Barabara ilipanda mpaka ikawa kichochoro baina ya kuta mbili za theluji zilizoizidi gari kwa urefu. Juu palibaki utepe wa mbingu, basi. Mama alikuwa akisoma Ayatul Kursiy kimya kimya. Midomo yake niliiona kwenye kioo cha mbele.

Gari iliachwa chini, tukapanda kwa miguu. Kando ya njia palikuwa na safu ya watoto wadogo wa mawe, vichwa vipara, shingoni wamefungwa vitambaa vyekundu kama afungwavyo mtoto asichafue nguo anapokula. Theluji ilikuwa imewafika kifuani. Nilipowaona mara ya kwanza nilipiga ukelele, kwa sababu nilidhani ni watoto kweli na wamezama.

"Usiogope," Aya aliniambia. "Hao ni kwa ajili ya watoto waliokufa. Watu wanawavisha ili wasione baridi."

Alisema hivyo kunituliza, maskini. Tangu hapo kila nikipita nilikaza macho mbele, na kila nikikaza macho mbele nilihisi wananigeukia.

Baba alisimama kila baada ya watoto watatu wanne. Mkono kiunoni, anatazama bonde. "Subhanallah," anasema, "tazameni kazi ya Mungu." Nasi tunasimama kutazama kazi ya Mungu mpaka yeye atosheke. Mara moja aliinama akampangusa mtoto mmoja theluji usoni kwa glavu yake, akakaa chini karibu naye, muda mrefu, akisema anampa kampani. Nilijivuna kuwa na baba anayependa mandhari. Mjomba Salum hakuwa akitazama bonde hata kidogo. Alikuwa akimtazama Baba.

Aya hakujua Kiingereza zaidi ya salamu. Kiswahili alikijua, cha Unguja kabisa, alichokinyonya kwa baba yake, ila alikisema polepole na kwa adabu nyingi, kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa. Basi mimi wa "coming" na "in a minute" nikalazimika kufungua kinywa. Sentensi zangu za kwanza za Kiswahili zenye kichwa na miguu nilizisema kule, kwenye milima ya Japani, kwa mtoto wa Kijapani. Baba alizisikia akaduwaa. Akamwita Mama aje asikie.

Nyumba ya wageni tuliyofikia ilikuwa ya mbao, kongwe, ikiendeshwa na bibi mmoja mwenye mgongo uliopinda, ambaye sisi tulimwita bibi mwenye nyumba. Mama alipoambiwa avue viatu mlangoni alisema, "Hawa watu wamelelewa." Chumba chetu kilitandikwa mikeka minene ya majani ukuta kwa ukuta, na Mama aliinama akainusa, akafumba macho. Katikati palikuwa na meza fupi iliyovikwa blanketi, na chini yake moto, ukaingiza miguu na kujifunika mpaka kiunoni. Pembeni lilikuwapo jiko la mafuta ya taa la kupasha chumba. Nje, kutoka kwenye chemchemi za maji moto, ilikuja harufu ya mayai viza. Mafuta ya taa, majani na mayai viza: sijawahi kuzikuta harufu hizo tatu pamoja mahali pengine, na sitaki.

Mama alikataa katakata kwenda kuoga na wanawake wengine katika lile bwawa la maji moto.

"Nikae uchi na watu nisiowajua hata majina?"

"Na ukishayajua?" Baba aliuliza.

Mwishowe ikapatikana hodhi ndogo ya familia, yenye mlango wa kufungwa kwa ndani, iliyokuwa upande wa pili wa nyumba, na kila mmoja alikwenda kwa zamu yake.

Jioni ya kwanza tulirudi kutoka kula tukakuta meza imesogezwa na matandiko matatu yametandikwa juu ya mikeka, vichwa upande wa mashariki. Baba akatoa dira yake ndogo ya kibla. Nyumbani Ilford tulielekea kusini mashariki, kwenye kona ya sebule. Hapa sindano ilituelekeza dirishani, magharibi, ikipinda kaskazini kidogo. Nilishtuka. Nikamuuliza Baba nani kaihamisha Makka.

"Makka haijahama, mama," alinijibu. Alikuwa akiniita hivyo, mama. "Sisi ndio tumezunguka."

Sasa lazima nieleze jambo, maana kila kitu kimesimama juu yake. Baba hakuwa akilala ila kwa ubavu wa kulia, uso kibla. Ni sunna, na kwake ilikuwa pia ukaidi. Hata akirudi kutoka zamu ya alfajiri, mchana mweupe, atajipanga hivyo hivyo kabla ya kufumba jicho. Na ukitaka kulalia ubavu wa kulia huku uso ukitazama magharibi, basi kichwa hakina budi kiwe kaskazini. Jaribu mwenyewe kitandani uone. Kwa hivyo Baba aligeuza matandiko yote matatu, akapanga mito upande wa kaskazini, akatazama kazi yake akaridhika.

Bibi mwenye nyumba akaja na chai. Alipiga magoti nje, akasukuma mlango wa karatasi, akainua uso, akaona matandiko yalivyogeuzwa. Trei akaiweka chini. Akaingia kwa magoti, mbio, huku akisema maneno nisiyoyajua kwa sauti ya kuomba radhi, akalishika tandiko la Baba na kulizungusha, kisha la Mama, kisha langu, mpaka vichwa vikarudi mashariki. Baba alisimama na dira yake mkononi. Mkaza mjomba akaitwa. Wakanong'ona ukumbini yeye na bibi, kisha yeye na Mjomba, kisha Mjomba na Baba. Nilimsikia Baba akicheka. Halafu nikamsikia akikohoa.

Aliporudi alisema tu, "Ukenda kwa wenye chongo, na wewe fumba lako jicho. Tulale hivi hivi."

"Kwa nini?" niliuliza.

"Mambo ya wenyewe," alisema Mama, na uso wake haukutaka swali la pili.

Hawakuniambia sababu, lakini mimi sababu nilikuwa nayo tayari. Mtoto wa Ilford mwenye mama anayevaa hijabu huwa nayo sikuzote, mfukoni. Nilikwisha kumwona mwanamke kwenye treni akihama kiti Mama alipoketi. Nilikwisha kuulizwa shuleni kwa nini tunainamia sakafu. Basi nilielewa, au nilidhani nimeelewa: bibi huyu hataki tuelekee kibla. Nilimchukia kwa moyo wangu wote. Alikuwa akiniletea machenza, ananimenyea, ananishika kichwa kwa mkono wake mkavu. Nilikuwa nikiyapokea kwa adabu na kwenda kuyatupa kwenye theluji nyuma ya nyumba. Bado yanaonekana kichwani mwangu, rangi ya chungwa iliyozama katika mashimo meupe.

Siku zile Baba alilala vibaya. Nikigutuka nilimkuta amekaa, mgongo umeegemea ukuta, akivuta pumzi kwa mdomo. Asubuhi anatania kama kawaida, ila rangi ya midomo yake haikuwa nzuri. Mtoto yeyote mwenye akili, niliwaza, anaona tatizo liko wapi. Mtu amezoea kulala kibla, amenyimwa kibla, atalalaje?

Jioni ya mwisho, Baba alikwenda kuoga. Mama alikuwa chumba cha kina Mjomba, yeye na mkaza mjomba wakifunga mizigo. Matandiko yalikuwa yameshatandikwa. Nilibaki peke yangu na yale matandiko na hasira zangu. Nikaamua.

Tandiko la Kijapani ni zito kuliko unavyolidhania. Nilivuta upande huu, nikakimbilia upande wa pili nikasukuma, likakwama mkekani, nikalivuta tena mpaka jasho likanitoka. Nilitaka liwe sawasawa. Niliichukua dira ya Baba mfukoni mwa koti lake, nikailaza juu ya shuka kama nilivyomwona akifanya, nikalisogeza tandiko kidogo kidogo mpaka sindano ikaniridhisha. Nikalinyoosha shuka. Nikauweka mto kaskazini, nikaupigapiga ukae vizuri, nikarudishia pembe ya blanketi ili akija apate pa kuingilia. La Mama na langu niliyaacha. Halafu nikajitupa kwenye tandiko langu nikajifanya nimelala, moyo ukinienda mbio kwa furaha.

Baba alichukua muda mrefu kuja. Alipoingia alisimama. Niliiona miguu yake tu, kwa jicho nililolifungua kidogo. Nikangoja aulize. Alizima taa, akaingia, akageukia ubavu wa kulia, na usiku ule hakukohoa hata mara moja. Nilijiona nimefanya jambo kubwa kuliko daktari.

Asubuhi wazee walikuwa nje wakipakia mizigo. Aya alikuja kuniita nikale. Alisukuma mlango, akaona tandiko la Baba, akabaki palepale mlangoni.

"Nani kaligeuza?"

"Sijui," nilisema. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza wa Kiswahili, na matamshi yake yalikuwa safi.

"Hivi hawalali watu walio hai," Aya alisema polepole. "Hivi tunawalaza waliokufa, nyumbani, kabla ya kuwachukua. Kichwa kaskazini. Bibi yangu mzaa mama alilazwa hivi, nilimwona. Ndiyo maana yule bibi aligeuza. Alikuwa anamwogopea baba yako."

Nilimwacha pale mlangoni nikaenda kulishika lile tandiko nilirudishe. Lakini bibi mwenye nyumba alikuwa ameshafika nyuma yetu na msaidizi wake, kuondoa matandiko kama kila asubuhi. Akaona. Hakuomba radhi mara hii. Alinitazama mimi, si Aya, akalikunja tandiko la Baba kwanza, haraka, akalisukumia ndani ya kabati la ukutani na kufunga. Nikaambiwa twende. Kwa akili yangu ya miaka tisa, kitu kilichokunjwa na kufungiwa hakigeuki tena. Kimebaki vile nilivyokiacha.

Alitusindikiza mpaka njiani, akainama, akabaki ameinama. Baba naye akamwinamia, kirefu, pale kati ya wale watoto wa mawe. Nilitaka kumvuta koti ainuke. Nilihesabu mpaka kumi na moja ndipo akainuka.

Baba alikufa kabla miti ya mtaa wetu haijatoa majani. Alianguka jikoni asubuhi moja akijaza maji kwenye birika, akachukuliwa, akafia hospitali siku ya pili. Ilikuwa moyo, walisema. Niliambiwa hivyo, "ilikuwa moyo," na nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza udhuru wa adabu.

Nyumba ilijaa. Wanaume wakamchukua msikitini, na kutoka huko makaburini, na kwa desturi yetu wanawake na watoto wa kike walibaki nyumbani. Nilikaa chumbani kwangu juu, kitandani palipojazwa makoti ya wageni, na chini wanawake wakisoma Yasini. Mama mmoja jirani alipanda kunitazama. Nikamuuliza kule watamfanya nini Baba. Mwanamke yule alinikumbatia akaniambia kwa upole nisiogope, watamlaza vizuri, kwa ubavu wake wa kulia, uso kibla.

Nilitapika juu ya makoti ya watu.

Walidhani ni huzuni. Ilikuwa huzuni, lakini ilikuwa pia kwamba nililiona tandiko lile, shuka nilivyolinyoosha, pembe ya blanketi nilivyoirudishia. Nilikuwa nimeshamlaza hivyo mimi, miezi michache nyuma, akiwa hai. Yule bibi aliyemwogopea alikuwa amemgeuza kumwondoa huko, nami nikamrudisha kwa mikono yangu. Mauti yakamkuta yuko tayari.

Nilikua na jambo hilo. Nilisoma, nikajua kwamba matandiko hayaui watu. Ninafanya kazi mapokezi katika zahanati ya meno, si mtu wa mizimu mimi, na ukiniuliza mchana nitakucheka. Lakini mchana hauna shida na mtu. Binti yangu alipozaliwa, kitanda chake kidogo nilikigeuza mara tatu siku ya kwanza. Mjomba Salum alitupigia simu kila Ijumaa mpaka nikaolewa, akanisomesha, akanipenda kama wake, na kila nikisikia sauti yake nilisikia na ile minyororo ikikwaruza lami. Aya akija London nampikia, tunacheka, na asubuhi ile ya mlangoni hatuitaji. Sijui kama anakumbuka. Mama sikumwambia. Ningemwambiaje? Mwanamke amebaki mjane kijana, mashine ya kushonea inalia mpaka usiku, mimi niende nikamwambie ni kwa sababu yangu?

Majira haya ya baridi Mama aliteleza kwenye ngazi za nyumba ile ile ya Ilford, akavunjika nyonga ya kushoto. Aliporudi kutoka hospitali, kaunsili, yaani serikali ya mtaa, wakatuletea kitanda cha mgonjwa, kile cha kupanda na kushuka kwa umeme, kiwekwe sebuleni kwa kuwa ngazi hazipandiki. Walikuja vijana wawili mchana, wapole, wakapima. Sebule ni ndogo. Kitanda kiliingia mahali pamoja tu, baina ya dirisha na ukuta, kichwa upande wa barabarani. Sikuhitaji dira, nyumba ile naijua. Barabarani ni kaskazini.

Niliwaambia hapana. Wakanionyesha kwamba kwingine mlango hautafunguka. Niliwaambia wautoe mlango. Mmoja akaanza kunieleza habari za usalama wa moto, nikampigia kelele, mimi ambaye kutwa kazi yangu ni kuwatuliza watu wenye maumivu ya meno. Mama alikuwa kwenye kiti chake, shali mapajani, akinitazama.

"Waache watu wafanye kazi yao," alisema.

Wakakiweka, nikatia saini, wakaondoka wakinitakia siku njema kwa sauti ya chini. Nikabaki nimesimama na mgongo wangu kwenye kile kitanda.

"Una nini wewe?" Mama aliuliza.

Nikamwambia. Sikukaa chini, na nilimwambia kwa Kiswahili, lugha ambamo jambo lenyewe lilitokea. Machenza, dira, tandiko, Aya mlangoni, makoti. Nilimwambia nimemuua Baba. Neno lenyewe nililisema hivyo hivyo, na lilipotoka lilisikika la kitoto, na bado lilikuwa kweli.

Mama hakushtuka. Alinyoosha shali yake.

"Baba yako moyo ulikuwa umekwisha," alisema. "Daktari alimwambia kabla hatujakata tiketi. Unadhani tulikwenda kule kwa ajili ya theluji? Alikwenda kutukabidhi kwa kaka yangu, mimi na wewe, uso kwa uso. Hakutaka kulisema kwenye simu."

"Na vitanda?"

"Salum alimwambia jioni ile ile, pale ukumbini. Alimwambia wazi, shemeji, hawa huwalaza hivi maiti wao. Baba yako akacheka. Akasema, 'Basi maiti wao na wetu hulala sawa.' Mimi sikucheka."

Nilidhani amemaliza.

"Jioni ya mwisho alisahau taulo," alisema. "Akarudi kulichukua, akakuona kwenye upenyo wa mlango. Hakuingia. Alikuja kuniita kule kwa kina Salum, yule mwanamume analia, machozi yanamwagika, nikadhani kifua. Akaniambia, 'Nilikuwa nikihuzunika sina mtoto wa kiume wa kunishusha kaburini. Njoo umtazame mwanangu anavyonilaza.' Tukasimama ukumbini gizani, wote wawili. Tulikutazama mpaka mwisho. Ulikuwa ukiupigapiga mto."

"Mbona hamkunizuia?"

"Nilitaka. Akanishika mkono. Alisema nisikukatishe."

Nikamuuliza mbona hakuniambia, miaka yote hii. Akasema alidhani nimesahau; mtoto wa miaka tisa, nani alijua kama atabeba? Kisha akaniuliza mimi mbona sikusema.

Mtadhani nilipata nafuu. Kiasi nilipata, sikatai, nililia mpaka nikakaa sakafuni, na jambo la kumuua Baba likanitoka, nadhani kweli limenitoka. Lakini miaka yote ile, nilipokirudia chumba kile, nilikuwa humo peke yangu. Sasa kuna macho mawili mawili kwenye upenyo wa mlango. Baba yangu amesimama kwenye baridi, taulo hajalichukua, anamtazama mwanawe akilitengeneza kaburi, anamshika mkewe mkono asimkatishe. Anangoja amalize ili aingie alale. Sijui kama hilo nitaliondoa kichwani, wala sijui kama nataka liondoke.

"Haya, inuka," Mama alisema. "Mimi kiti kimenichosha. Kitanda kiache kilivyo, siku yangu ikifika itanikuta hata nikilala nimesimama. Ila siku hiyo hutokwenda kukaa juu na makoti. Mimi si mwanamume, ati. Utaniosha wewe, utanivika wewe. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Basi usinifanye kama mzigo. Anza kujifunza."

Nilimwinua kama nilivyofundishwa hospitali, mkono mmoja mgongoni, mmoja chini ya magoti, nikamhamishia kitandani. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotazamia, na hilo lilinitisha kuliko kaskazini yoyote. Nikamnyooshea shuka. Nikaupigapiga mto. Alifumba macho akasema, "Hivyo hivyo," na nikasimama pale juu yake nikisikiliza pumzi zake, moja, halafu nyingine, nisithubutu kuondoka.